Charles Crichton: Ucheshi Uliozaliwa Katika Chumba cha Uhariri

Charles Crichton, mwongozaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1999, anakumbukwa zaidi kwa filamu mbili za vichekesho zilizopishana kwa miaka 37, ingawa ufundi uliozizaa zote mbili aliupata kabla hajaanza kuongoza waigizaji. Katika miaka ya 1930 alikuwa mhariri katika kampuni ya mtayarishaji wa filamu Alexander Korda, yaani fundi anayekata picha zilizopigwa na kuziunga ziwe hadithi moja; miongoni mwa kazi zake ni Sanders of the River ya mwaka 1935, ambamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza, aliigiza nafasi ndogo. Kwa mhariri, kicheko hutegemea mahali pa kukata, kwani picha ikikatwa mapema mtazamaji huwa hajaelewa, na ikichelewa huwa amekwisha kubashiri.

Katika studio za Ealing, magharibi mwa London, Crichton aliongoza Hue and Cry (1947), iliyopigwa katika magofu yaliyoachwa na mabomu ya vita, kisha The Lavender Hill Mob (1951), ambamo karani mpole wa benki, aliyeigizwa na Alec Guinness, anaiba dhahabu aliyopewa kuilinda na kuisubu iwe sanamu ndogo za mnara wa Eiffel. Wakati wezi wawili wanaposhuka mbio ngazi za mzunguko za mnara wenyewe, wakicheka kwa kizunguzungu, anayechekesha hasa ni mhariri, kwa sababu mazungumzo yamekoma na kasi ya picha ndiyo inayosema.

Mwaka 1955 studio hizo ziliuzwa kwa BBC, na jengo lililokuwa la sinema likawa la televisheni. Crichton naye akaelekea huko huko, akaongoza vipindi vya mifululizo kama The Avengers na Space: 1999, na baadaye filamu fupi za mafunzo kwa wafanyakazi wa makampuni, kazi aliyoshirikiana na mchekeshaji John Cleese.

Ushirikiano huo ulizaa A Fish Called Wanda (1988), iliyompatia Crichton, akiwa na umri wa karibu miaka 80, uteuzi wa tuzo ya Oscar kwa uongozaji na kwa uandishi alioshirikiana na Cleese. Ukataji wake wa picha ulikuwa ule ule wa haraka usiombembeleza mtazamaji. Kilichobadilika ni hukumu ya hadithi. Mwaka 1951 karani anaonekana mwishoni akiwa na pingu mkononi, kwa kuwa sinema ya siku zile haikuruhusu mhalifu afaidi, ilhali mwaka 1988 mwanasheria aliyejiunga na mwizi anapanda naye ndege kwenda Rio de Janeiro, na mtazamaji anawatakia safari njema.