Ulilipa Deni, Lakini Nani Aliiambia Kompyuta?

Leo siandiki kuhusu programu mpya wala simu mpya. Naandika kuhusu faili moja inayokuhusu wewe, ambayo pengine hujawahi kuifungua: ripoti yako ya mikopo kule CRB.

Mimi niliifungua mara ya kwanza mwaka 2019, tena kwa kulazimika. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuoni na karo ilihitajika baada ya wiki mbili. Nikaingia benki moja hapa mjini Nyeri kuomba Sh60,000. Nilikuwa na kazi, akaunti inasonga, sikuwa na wasiwasi wowote. Afisa wa mikopo, mama wa makamo, aliangalia kompyuta yake, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana, uko CRB."

Nikacheka. "Labda ni mtu mwingine, mama."

Akanisomea: mkopo wa simu, Sh4,500, mwaka 2017, haujalipwa.

Jamani, ule mkopo nilikuwa nimeulipa! Nakumbuka hata mahali: ndani ya matatu, nikitoka Karatina. Kweli nilichelewa, zaidi ya siku 90, kwa hiyo kuorodheshwa kwangu mara ya kwanza kulikuwa haki. Lakini nililipa wote, na faini juu yake.

Usiku ule nikapiga *433#, huduma ya Metropol, nikalipa ada ndogo nikapata ripoti yangu. Alama zao huenda kutoka 200 hadi 900, na zangu zilikuwa chini kabisa. Lakini kilichonishtua si alama. Ni tarehe. Taarifa ya mwisho kuhusu mkopo ule ilitumwa Septemba 2017. Mimi nililipa Oktoba. Baada ya hapo, kimya cha miaka miwili.

Hapo nikajua kosa liko wapi, kwa sababu kosa hilo niliwahi kuliandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka 2014 nilitengeneza programu ya mkopeshaji mdogo kule Nanyuki. Kila mwisho wa mwezi ilitoa faili ya kupeleka CRB. Agizo nililolipa hifadhidata lilikuwa rahisi: toa mikopo yote ambayo bado iko wazi. Linaonekana sawa, sivyo? Sasa fikiria mtu akimaliza kulipa. Mkopo wake unafungwa. Ukishafungwa, mwezi unaofuata hauingii tena kwenye faili. Ile habari njema, kwamba salio sasa ni sufuri, haiendi popote. Kule CRB hawajui kama umelipa au umekufa. Wanabaki na rekodi ya mwisho waliyopewa, na rekodi hiyo inasema unadaiwa.

CRB haichunguzi maisha yako. Inatunza kile ilicholetewa. Kama mkopeshaji hakutuma, kwa kompyuta hukulipa.

Kwa bahati M-Pesa haisahau. Niliomba taarifa ya miamala yangu ya 2017, nikapata malipo yale na namba yake, nikaipeleka kwa mkopeshaji. Hawakubisha. Walituma marekebisho, lakini yalichukua zaidi ya mwezi mmoja. Karo haikungoja. Mama aliuza mtamba wake, mwenye mimba ya miezi sita. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Si ulisema ulilipa?"

Wiki hiyo hiyo nilimpigia simu yule wa Nanyuki. Programu yangu ilikuwa bado inafanya kazi. Tulipoichunguza tukakuta watu 11 waliomaliza kulipa lakini habari yao haijatumwa. Mmoja alimaliza 2015. Sijui wangapi kati yao walinyimwa mikopo bila kujua sababu. Nilirekebisha agizo: mkopo ukifungwa lazima utumwe mara moja zaidi, ukiwa na salio sufuri. Mistari mitatu tu!

Sasa wewe ufanye nini? Omba ripoti yako angalau mara moja kwa mwaka. Kanuni za Kenya zinakupa haki ya nakala moja ya bure kila mwaka. Usiishie kwa kampuni moja. Metropol, TransUnion na Creditinfo kila moja ina hifadhidata yake, na jambo linaweza kuwa sawa hapa na kuwa baya pale. Ukiipata, usikimbilie alama. Angalia majina ya wakopeshaji, kama unawajua wote. Angalia salio. Angalia tarehe ya taarifa ya mwisho. Ukiona kosa una haki ya kulipinga, na CRB inapaswa kuuliza aliyeituma.

Jambo moja watu huchanganya: kulipa hakufuti historia. Rekodi ya kuchelewa hukaa miaka 5 tangu ulipomaliza deni, ila inapaswa kusema umelipa. Tangu 2020 deni lililo chini ya Sh1,000 halipaswi kukuweka kwenye orodha mbaya, na cheti cha kwanza cha CRB ni bure. Na kama ulikuwa miongoni mwa waliosamehewa angalau nusu ya deni la simu katika mpango wa Benki Kuu wa Novemba 2022, ukalipa iliyobaki, hakikisha ripoti yako inasema hivyo.

Mimi huangalia yangu kila Januari, kabla msimu wa karo haujanikuta. Mdogo wangu alishamaliza chuo. Mama bado ananidai mtamba, na deni hilo halihitaji CRB kulikumbuka.

Tukutane wakati mwingine. Na risiti zako, zitunze.