Nyumba ya Nyigu Temeke

Atokaye mjini Dar es Salaam kwenda Temeke hupita kwanza maduka na gereji, kisha huingia vichochoro vya nyumba za mabati, zenye baraza mbele na mwembe uani. Katika nyumba moja ya namna hiyo anakaa shangazi yangu, na barazani pake watoto wa jirani husomeshwa Kurani kila alasiri. Kabla ya masika nalikwenda kumwamkia, nikamkuta ameshika chupa ya mafuta ya taa na tambara.

"Shikamoo, shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tazama juu."

Chini ya upenu ilining'inia nyumba ya nyigu, rangi ya majivu, upana wa kiganja. Jana yake mmoja alimwuma mwanafunzi shingoni. Mtoto alivimba kidogo akapona. Lakini yuko mtu ambaye sumu hiyo humvimbisha mwili mzima na kumbana pumzi, naye hana budi kukimbizwa hospitali mara moja.

Nikamkumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kuadhibu kwa moto walipochoma makazi ya sisimizi. Kumwua mdudu mwenye madhara ni habari nyingine, na shangazi aijua tofauti hiyo kunishinda. Akaiweka chupa chini. "Basi niambie wewe uliyesoma, hawa watanitoka lini?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta kiti mbali kidogo, nikawatazama.

Walikuwa wale wenye kiuno kirefu kama uzi, ambao wataalamu huwaita Belonogaster. Nyigu hukwangua mbao kuukuu, akatafuna unyuzi pamoja na mate, ukawa karatasi. Nyumba nzima hushikwa na kikonyo kimoja chembamba, nao hukipaka utomvu wa mwilini mwao uwafukuzao sisimizi. Chumba kilichokwisha kutoa nyigu hakitumiwi tena. Hutafunwa, na karatasi yake ikajengea mahali pengine. Viwavi wa bustanini husagwa wakalishwa watoto, kwa hiyo mwenye mchicha hapati hasara kwa ujirani huu.

Majike wafanana kwa umbo, wala malkia hatambulikani ila kwa mwenendo. Mwitalia Leo Pardi alionyesha katika miaka ya 1940, kwa nyigu wa jamaa nyingine ya karatasi, kwamba majike wa nyumba moja wana daraja: aliye juu hutaga, na walio chini huinama mbele yake. Baadaye yeye na Marino Piccioli waliwachunguza hawa wenye kiuno kirefu, wakachapisha habari zao mwaka 1970. Kusema kweli, nalipowaona wakisukumana kwa vichwa nalikumbuka jikoni kwenye arusi, mama mmoja akiamuru na wengine wakisonga ugali. Madume hawana mwiba kabisa, lakini nani atasimama kuwapambanua?

Shangazi akaihamisha mikeka ya chuo chini ya mwembe, akawakanya watoto wasirushe mawe. Nyigu asipotikiswa hana haja na mtu.

Nalirudi masika yalipokwisha. Upenuni kilibaki kikonyo kikavu, na sisimizi wakipita juu yake. Mikeka imekwisha rudishwa barazani. Shangazi hakusema neno, alininyoshea kidole kuelekea jiko la uani. Chini ya bati jike mmoja alikuwa akianza kikonyo kipya, kisichozidi punje ya mtama.