Tuchangie na zile wiki sita

Wengi mmeuliza nimepotelea wapi. Nipo, mzima wa afya, natembelea gongo moja badala ya mawili (gongo la mti jamani, msianze). Leo nataka tuzungumze habari za goti. Najua mada hii si ya vijana. Ukitaja goti, mtu anamuwaza bibi yake na baridi ya Kamachumu. Lakini vumilia kidogo, mwisho wake unahusu mfuko wako.

Kwa kifupi, niliumia kwenye bonanza la waandishi wa habari mjini Bukoba. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka na mpira, mguu ukabaki umekanyaga pale pale, na goti likaamua kugeuka peke yake. Jioni lilikuwa limevimba kama boga. Kesho yake nikapigwa eksirei kwenye kituo kimoja cha afya, nikaambiwa mfupa uko sawa, nikapewa dawa za maumivu na bandeji.

Mfupa kweli ulikuwa sawa. Tatizo ni kwamba eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa, haionyeshi gegedu. Kama hujui gegedu ni nini, siku ukila kuku tazama ncha ya mfupa wa paja, ile sehemu nyeupe inayong'aa na kuteleza. Ndiyo hiyo. Kwa binadamu, tabaka hilo kwenye goti lina unene wa milimita chache tu, na kazi yake ni kufanya mfupa uteleze juu ya mfupa bila kusagana. Mbali na hilo kuna vipande vingine viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyokaa katikati ya mifupa kupunguza mshtuko.

Balaa la gegedu ni kwamba halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ukikatwa na panga kwenye kibanja, damu inakuja na kidonda kinafunga. Gegedu linalofunika mfupa haliletewi chochote. Linaishi kwa ute wa goti, ambao hupenya ndani yake kila unapokunja na kunyoosha mguu. Likichunika, limechunika. Hilo halikugunduliwa jana. Daktari mmoja Mskoti, William Hunter, aliliandika mjini London mwaka 1743, kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 300 imepita na bado hajakanushwa.

Mama yangu, kama mama yeyote wa kwetu, aliniita nyumbani Kamachumu ili mzee anayeunga mifupa aniangalie. Huyu mzee anaheshimika, na ameunga mikono ya nusu ya vijana walioanguka kwenye miti ya maembe. Alilishika goti muda mrefu, akalikunja, akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, hapa hakuna kilichovunjika. Mimi sina cha kuunga. Nenda hospitali kubwa." Nilimheshimu zaidi siku hiyo.

Basi nikapanda MV Victoria usiku kwenda Mwanza kupiga picha ya MRI. Jibu likaja kwamba kwenye mfupa wa paja, mahali unapokanyagia, gegedu lilikuwa limebanduka sehemu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kidogo hivyo, na kilikuwa kinanizuia kupanda ngazi.

Njia za kulirekebisha ziko kadhaa. Madaktari wa Sweden walianza mwaka 1987 kuchukua chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe, kuziotesha maabara na kuzirudisha kwenye goti, na mwaka 1994 wakachapisha habari za wagonjwa wao 23 wa kwanza. Ni kazi nzuri, lakini inahitaji upasuaji mara mbili, maabara maalumu na pesa ambazo mimi na ukoo wangu hatuna. Wahungari walianzisha ya kuhamisha vijiti vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito sana, kama mtu anayeziba kiraka cha suruali kwa kitambaa cha upindo.

Ya tatu ndiyo niliyofanyiwa. Ilienezwa na Mmarekani Richard Steadman kuanzia miaka ya 1980. Daktari anaingiza kamera nyembamba kuliko penseli kupitia tundu dogo, anasafisha kingo za kidonda, kisha anatoboa matundu madogo kwenye mfupa ulio chini yake, moja moja, kwa nafasi ya milimita tatu hadi nne. Damu na uboho vinatoka kwenye matundu, vinaganda pale, na ndani ya lile ganda chembe changa zinaanza kujenga tabaka jipya. Si gegedu la asili. Ni la nyuzinyuzi na halidumu kama lile la kuzaliwa nalo, kwa baadhi ya watu huanza kuchoka baada ya miaka michache. Lakini kwa kidonda kidogo na kijana, linampa mtu goti la kufanyia kazi.

Bibi aliposikia haya yote alisema, "Na mimi nipelekwe." Nikamweleza kwamba goti lililolika kwa uzee ni hadithi nyingine. Mwaka 2002 madaktari wa Houston walitoa matokeo ya wagonjwa 180 wa aina yake. Wengine walisafishwa goti kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani. Baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana. Bibi akanijibu, "Basi niletee mafuta ya kuchua." Mjadala ukaishia hapo.

Nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Sindano ya ganzi mgongoni, saa moja na ushee, matundu mawili, plasta mbili. Wodini nikakutana na kijana wa Muleba, maana Mhaya hakosi Mhaya mwenzake hata peponi. Anaendesha bodaboda, alianguka barabarani, goti lile lile, kidonda karibu sawa na changu, upasuaji ule ule. Ukoo wake walikuwa wamefanya kikao, wakauza kahawa, wakachanga nauli na gharama za hospitali hadi shilingi ya mwisho. Tulicheka sana usiku ule kwa Kihaya, wagonjwa wengine wakalalamika.

Asubuhi daktari alitupa wote maneno yale yale. Wiki sita msikanyagie mguu huo. Magongo mawili. Goti likunjwe na kunyooshwa taratibu kila siku, saa nyingi, kwa sababu ute ndio chakula chake. Lile ganda la damu ni kama mche wa kahawa kitaluni, ukiukanyaga wiki ya tatu hakuna mbolea itakayouokoa.

Mimi nilirudi Bukoba kwa ndege, kazini walichangia tiketi. Nikakaa Kamachumu wiki sita, mshahara unaingia, mdogo wangu anachota maji, mama anapika ndizi. Hata hivyo ilikuwa shughuli. Jaribu kutumia choo cha shimo kwa mguu mmoja na magongo mawili, mvua ya masika imelowanisha njia ya mteremko. Mdogo wangu aligongomea kiti kilichotobolewa katikati, na nasema bila utani kwamba kiti kile ni sehemu ya upasuaji wangu.

Mwenzangu alirudi Muleba kwa basi, zaidi ya kilomita 1,300, goti limekunjwa nyuma ya kiti cha mtu. Pikipiki anayoendesha ni ya mkataba. Kila siku ikilala, hesabu ya bosi inalala. Ana mke na watoto wawili. Bosi alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akamwambia kuna kijana mwingine anaitaka ile pikipiki. Akaacha magongo, akapanda.

Nimeongea naye juzi. Goti limevimba tena na linakwama. Ameambiwa arudi Dar kuangaliwa upya, na ukoo hauna kahawa ya kuuza msimu huu. Hakulalamika. Aliniuliza tu mimi naendeleaje, na nikaona tabu kumjibu kwamba naendelea vizuri.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Daktari alikuwa mzuri kwa wote wawili, na magoti yetu yalikuwa karibu sawa. Kilichotutenganisha ni wiki sita ambazo mimi nililipiwa na yeye hakulipiwa. Sisi watu wa Kagera ni hodari wa michango, tuna daftari la harusi, la msiba, la kipaimara. Lakini mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, mweka hazina anafunga daftari na sote tunapiga makofi. Tunanunua mbegu bora halafu hakuna anayeulizia mvua.

Sidai mambo makubwa. Mkikaa kikao cha kumchangia mtu anayekwenda kupasuliwa goti, ongezeni mstari mmoja kwenye bajeti: kujikimu wakati wa kupona. Ulizeni nani atapeleka hesabu kwa bosi, nani atachota maji, nani atagongomea kiti. Kama pesa haitoshi vyote, ni bora upasuaji ungoje mwezi mmoja mpaka itoshe, mradi daktari ameafiki, kuliko kufanywa leo na kuharibika wiki ya tatu.

Wachache tuliokuwa kwenye lile bonanza tumeanza kuchanga kwa ajili ya yule kijana wa Muleba, na safari hii tumeanza kuhesabu kutokea nyuma: hesabu za pikipiki za siku 42 kwanza, nauli baadaye. Anayetaka kuongeza chochote anitafute. Na mwenye uzoefu wa goti aje atueleze wiki zake sita alizilaje.

Kazi kwenu.