Ndoo ya Shangazi

Kwetu Ngamiani, Tanga, sahani ya jirani hairudi tupu. Nililijua hilo kabla sijajua kuandika, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Ramadhani ikifika, jua likikaribia kuzama, vyombo vilikuwa vikipishana barabarani: huku mbaazi za nazi, kule tambi, pale bakuli la uji limefunikwa kawa. Siku ya kurudisha chombo cha watu, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akinizuia mlangoni kwa neno moja tu, "Ngoja," kisha akarudi na kitu cha kutia ndani. Kama jikoni hakuna cha maana, alitia ndimu mbili. Ndimu zikikosekana, alifunga chumvi kidogo kwenye karatasi.

Shangazi si mtu wa maneno. Mnaweza kukaa naye barazani kuanzia alasiri mpaka magharibi, mkaachana hamjasema ila salamu, na bado ukaondoka moyo umetulia.

Mwaka 2003 nilipochaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila mtu nyumbani alikuwa na wosia wake. Shangazi alizipiga pasi nguo zangu, akazikunja, akaziweka begini, akaenda zake kuloweka mchele wa vitumbua vya kesho. Mwezi haujaisha, mwenzangu mmoja wa Tanga akanifuata bwenini: kuna mzigo wako Ubungo, uwahi stendi. Nikaikuta ndoo ya lita 10, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, juu ya mfuniko pameandikwa jina langu kwa maka peni, herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake kama mtu aliyepiga saluti.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, basi la asubuhi lilikuja na ndoo. Hakuna aliyenipa ratiba. Niliijua kwa kuizoea. Ndani mlikuwa na vileja, kashata za nazi, achari ya embe kwenye kopo, na ng'onda wa papa aliyezongwa mifuko mitatu ili asiwaudhi abiria. Msimu wa machungwa ya Muheza, alikuwa akiyashindilia mpaka mfuniko unagoma. Nje, ndoo ilifungwa kwa kamba ya katani. Tanga ni nchi ya mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoileta miche yake mwaka 1893, ikapona 62 tu, na kamba hiyo haikosekani katika nyumba za kwetu. Fundo la shangazi lilikuwa gumu, lakini halikuwa la kukatwa kwa kisu. Lilitaka kucha na subira, kwa sababu kamba nayo ilikuwa ni ya kurudi.

Hapo ndipo nilipopata shida. Ndoo ya shangazi ningeirudishaje tupu? Na mwanafunzi ana nini? Nikakumbuka zile herufi za kwenye mfuniko. Utotoni shangazi alisoma chuoni, Kurani; shule hakuiona. Kusoma na kuandika kwa Kiswahili alikupata ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru yaliyoenea baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wengi waliosoma naye walikwishasahau, maana herufi zisipopata kazi huondoka. Yeye alikuwa akisoma chochote: karatasi iliyofungia sukari, kalenda, maandishi ya kwenye kanga. Basi nikawa naokota magazeti waliyokwisha kuyasoma wenzangu, nayakunja vizuri, nayatia ndani ya ndoo, naifunga kwa kamba ileile na kuirudisha kwa kondakta.

Hakuwahi kuniambia kama yamefika. Ila likizo moja nilimkuta barazani ameshika mojawapo, kidole kimekaza chini ya neno. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akauliza, "Hii utandawazi ndiyo nini, mwanangu?" Nilieleza karibu nusu saa, juu ya biashara na mipaka na dunia kuwa kijiji. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua penseli, akalizungushia lile neno duara, akageuza ukurasa.

Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania. Nilikuwa nimemaliza chuo, sijapata kazi, nimepanga chumba Manzese. Shangazi akaanza kunitumia pesa kwa simu: 5,000, mara nyingine 10,000. Mimi niliyekulia pembeni ya jiko lake najua elfu tano ni vitumbua vingapi, na ni alfajiri ngapi za kuinamia moshi. Pesa hizo siwezi kuzibeza. Kuna miezi zililipa kodi, kuna siku zilikuwa ndicho chakula chenyewe, na zilifika kwa dakika moja badala ya saa sita za barabara ya Segera na Chalinze. Nami nilikuwa najibu, "Nimepata shangazi, Mungu akuzidishie," basi, imekwisha. Pesa ya simu haiji na chombo cha kurudisha. Siku hazikupita nyingi ndoo zikakoma, na magazeti yakakoma pamoja nazo, nami sikushtuka.

Baadaye nikapata kazi, mto ukageuza mkondo. Sasa mimi ndiye mtumaji. Umeme wake nanunua nikiwa Dar, namtumia tarakimu 20 za LUKU, mjukuu wake anazibonyeza kwenye mita. Nilijiona nimetimiza wajibu.

Mwaka 2021 nilikwenda Tanga kwenye msiba. Mvua ilinyesha usiku, bati likavuja juu ya kitanda cha shangazi, tukakisogeza. Chini ya godoro niliyakuta magazeti yangu, yamepangwa kwa tarehe. La juu kabisa lilikuwa la mwaka 2008. Lilikuwa limelainika kama kitambaa kwa kufunguliwa na kukunjwa, na maneno yaleyale yalikuwa na duara juu ya duara, la penseli, la kalamu ya buluu, la kalamu nyekundu. Miaka kumi na mitatu alikuwa akilisoma gazeti moja. Sikuweza kusema kitu. Yeye akayafuta maji kwa upande wa kanga na kuyarudisha mahali pake.

Nilipofika nyumbani Dar nilimuuliza mke wangu tunahifadhia wapi unga. Akanionyesha. Ilikuwa ndoo ya lita 10, mfuniko una jina langu, limepauka lakini linasomeka. Ndoo ya mwisho, sikuirudisha. Nikauhamisha unga, nikaisugua, nikaianika. Nikatia magazeti ya mwezi mzima, miwani ya kusomea, majani ya chai. Kamba ya katani nilihangaika nayo madukani. Ubungo siku hizo hapakuwa tena stendi ya mikoani, nikaipeleka Mbezi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, kondakta akapiga simu. Binti yangu, wa darasa la tano, alikimbilia kisu alipoliona fundo. "Ngoja," nikamwambia, na nikasikia sauti iliyotoka si yangu peke yangu. Tulilifungua kwa kucha, yeye na mimi, likachukua muda.

Tangu hapo ndoo haijakosa mwezi, ila fundo limelegea kidogo. Vidole vyake vimechoka. Mwezi huu, chini ya machungwa, palikuwa na kipande cha gazeti nililompelekea, kimekatwa kwa mkasi, neno moja limezungushiwa duara. Pembeni, kwa herufi zilezile zilizosimama wima: AKILI MNEMBA NDIYO NINI.

Binti yangu ameomba aandike jibu yeye. Nimempa karatasi na maka peni, aandike makubwa, maana macho ya shangazi si ya zamani. Yuko mezani sasa. Ndoo imeoshwa, imefudikizwa juu ya ukuta, inachuruzika maji.