Mbeba mifuko wa Katuba ashika fimbo huko Nebraska

Hapa Lubumbashi ukisema "Golf", wengi wanafikiri mtaa wenye nyumba za kuta ndefu, si mchezo. Lakini kuna mtoto mmoja wa Katuba aliyeujua mchezo wenyewe tangu zamani, tena kwa mabega. Yeye na yaya wake walikuwa kadie: walibeba mifuko ya fimbo za wakubwa, wakatafuta mipira katika majani, wakaonyesha mpira utapinda wapi. Kupiga, hapana.

Sasa anakaa Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani, na usiku anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Jumapili moja mwenzake wa kazi alimpakia katika gari lake, wakafuata barabara ya magharibi karibu masaa matatu mpaka Gothenburg, mji mdogo karibu na mto Platte. Kaskazini ya hapo ndipo inapoanzia inchi ya vilima vya mchanga vilivyofunikwa na majani, mbuga ambayo watu wameiachia ng'ombe kwa sababu si udongo wa kulima. Upepo hautulii. Mti ni wa kutafuta.

Kiwanja kinaitwa Wild Horse, maana yake farasi wa pori. Kilifunguliwa mwaka 1999, na si tajiri mmoja aliyekijenga: wakaaji walichanga, wakajitolea kwa kazi ya mikono, na viwanja vya nyumba pembeni viliuzwa ili makuta yapatikane. Dave Axland na Dan Proctor, waliokichora, hawakusukuma udongo mwingi. Vilima vilikuwa tayari, wao wakatafuta tu pa kuweka vishimo 18. Anayelipa anaingia.

Hiyo ndiyo iliyomshangaza. Mezani hakuulizwa anatoka wapi wala anamjua nani. Alilipa, akaazima fimbo, akabeba mfuko wake mwenyewe, na mikono ikaanza kutetemeka. Mpira wa kwanza ulipotea katika majani marefu. Wa pili pia. Lakini walipofika penye bendera, mwenzake akitaka kupiga moja kwa moja, yeye alichuchumaa, akatazama, akasema: "Hapana, utapinda kushoto." Ukapinda kushoto, ukaingia. Toka hapo mwenzake hakupiga tena karibu na kishimo bila kumuuliza.

Kesho yake, alipotoka kazini asubuhi, alimpigia yaya simu. Yaya bado anabeba mifuko, ingawa goti linamsumbua. Alicheka sana kusikia habari ya mipira iliyopotea. Kisha:

— Nani alikubebea mufuko?

— Mimi mwenyewe, yaya.

— Na ulilipa ngapi?

Mdogo alinyamaza. Makuta ya shule ya mtoto wa yaya yalikuwa yanangojewa tangu mwezi uliopita. Akataja nusu ya bei. Hata nusu hiyo, yaya aliihesabu kwa sauti, ni mifuko mingapi ya kubeba, kisha akauliza kama kule majani penye bendera yanakatwa mafupi kama ya hapa.