Nakala ya Kadi ya Mtoto Isikae Sehemu Moja

Mama mmoja wa Kashai, mjini Bukoba, aliamini picha za wanawe zipo salama. Zilikuwa kwenye simu yake, kwenye simu ya mumewe na kwenye akaunti ya Google waliyoitumia wote wawili. Siku moja mtoto wa miaka minne aliachiwa simu ili atulie, akafuta picha nyingi. Muda si mrefu zikatoweka kote, pamoja na picha ya kadi ya kliniki ya mdogo wake. Kadi yenyewe ilishalowa maji na wino kufutika, na mtoto alikaribia miezi 18, umri wa chanjo ya pili ya surua-rubela.

"Si tulikuwa na nakala tatu?" alimuuliza mdogo wake anayesomea kompyuta.

"Hapana, dada. Ni nakala moja iliyoonekana sehemu tatu. Ukifuta huku, na kule inafutika."

Akamsimulia yaliyowapata KDE, jumuiya inayotengeneza programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake yako wazi na yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bure. Leo GCompris, michezo ya kujifunzia ya watoto wa miaka 2 hadi 10, ni moja ya programu zake.

Machi 2013, seva kuu yenye maandishi ya programu zao ilizimwa ili kuwekewa maboresho ya usalama. Ilipowashwa, mafaili yalikuwa yameharibika. Zilikuwepo seva nyingine zenye nakala, lakini zilipangwa kufanya kila inachofanya seva kuu. Zikaiga na uharibifu, zikafuta zilichokuwa nacho. Hazina takribani 1,500 za programu, kazi ya miaka mingi ya watu wa kujitolea, zilikuwa hatarini.

Kilichowaokoa ni seva moja ambayo haikuwahi kuiga uharibifu ule. Mafundi walichukua nakala humo na kuzirudisha kwenye seva kuu. Bila hiyo, wangelazimika kukusanya vipande kutoka kompyuta za wanachama, mmoja baada ya mwingine.

Picha za Kashai nazo zilirudi. Kijana alifungua pipa la taka la akaunti hiyo, ambako Google huhifadhi picha zilizofutwa kwa siku 60 kabla ya kuziondoa kabisa. Wangechelewa, ingebidi mama aende kituo walikochanjia, aombe muuguzi atafute jina la mtoto kwenye rejesta.

Mzazi, anza na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Toa fotokopi na uihifadhi mbali na kadi. Watu wa Bukoba hawajasahau tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoangusha nyumba nyingi. Nakala iliyo kabati moja na kadi hufukiwa pamoja nayo. Mpelekee bibi yake Muleba nakala moja. Picha nazo ziweke kwenye flashi, kisha uichomoe.

Halafu mara mojamoja mpigie bibi simu, umwombe akusomee tarehe ya chanjo ya mwisho. Akishindwa kuisoma, mtumie nakala nyingine wakati kadi bado unayo mkononi.