Cherehani haijafa, ni nyuzi zinagombana!

Jamani mnaoshona, kuna ugonjwa mmoja wa cherehani unaowalisha mafundi wengi hapa mjini. Unashona, juu mshono unapendeza, ukigeuza kitambaa unakuta uzi umejikusanya kama kiota cha ndege. Fundi niliyemwita mimi alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Dada, hii imekwisha. Nikupe elfu hamsini nikuondolee."

Wakati huo nina oda ya mfarishi, yaani lile shuka la viraka vya vitenge lenye pamba katikati, la mteja aliyekaribia kujifungua. Advansi ilishaingia kwenye kodi ya chumba. Na cherehani yenyewe, ya kukanyaga, ni ya mama, ndiyo iliyonilipia ada mpaka kidato cha nne. Niiuze kama chuma chakavu? Thubutu!

Sikieni. Mshono ni nyuzi mbili zinazovutana, wa sindano juu na wa bobini chini. Zikivutana sawa, zinafungana katikati ya kitambaa. Mmoja akizidi ubabe, anamvuta mwenzake upande wake. Kwa hiyo ukiona vitanzi chini, mkosaji mara nyingi yuko juu, kalegea. Uzi wa bobini ukichungulia juu, basi wa juu umekaza mno au wa chini umelegea. Watu wanaona uchafu chini, wanaishambulia bobini ya watu!

Nilinyanyua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa. Ukiwa juu, vile visahani viwili vinavyobana uzi vinaachia. Ukiwa chini vinabana, na uzi unaopitishwa wakati huo unaelea pembeni bila kushikwa. Nikapitisha kipande cha khanga katikati ya visahani. Kikatoka na vumbi la pamba na kijiuzi cha miaka hiyo! Ndicho kilichokuwa kimevitenganisha. Nikaweka sindano mpya namba 16, maana tabaka tatu si mchezo, nikapitisha uzi upya.

Kujaribu usijaribie kwenye kazi ya mtu. Chukua vipande viwili vya kitambaa, weka pamba ileile katikati, uzi mwekundu juu na mweupe chini, utaona nani anamvuta nani. Zungusha kirekebishio cha juu kidogo tu, shona, tazama, rudia.

Kale kaskrubu ka kwenye kesi ya bobini ni ka mwisho kabisa. Ning'iniza kesi kwa uzi wake: ikiporomoka yote, imelegea, ikigoma hata ukiishtua, imekaza, ikishuka kidogo unapoishtua, iache kama ilivyo. Ukilazimika, zungusha robo tu, na tandika kitambaa cheupe chini. Kakidondoka sakafuni, msiba.

Kilichonitesha zaidi ni maua ya kuzunguka. Mkono ukikimbia kwenye kona, vitanzi vinarudi hata nyuzi zikiwa sawa. Punguza mwendo wa mkono, mguu ukanyage kwa mwendo mmoja. Na mfarishi usining'inie, uzito wake unapinda sindano. Mimi niliuegemeza kwenye stuli mbili.

Ulitoka siku nne kabla ya mtoto. Salio nimelipwa, na dada yake mteja kaagiza mwingine, futi tano kwa sita. Pamba ya huo ndiyo naisaka sasa hivi.